Sura ya Tano: Mwalimu wa Kujitolea katika Shule za Rungwe

Kujitolea kufundisha katika shule za Afrika, kwa jinsi kunavyoelezwa katika maandishi mengi, ni habari ya kijana anayetoka Ulaya au Amerika ya Kaskazini, akakaa miezi michache katika shule ya kijijini, kisha akarejea kwao na picha na kumbukumbu. Habari hiyo ipo, na wageni waliokuja kufundisha Rungwe wana historia ndefu, lakini anayeingia leo katika ofisi ya walimu ya shule ya sekondari ya kata kuzunguka Tukuyu na kuuliza ni nani anayefundisha hapo bila mshahara, mara nyingi zaidi ataonyeshwa Mtanzania mwenye stashahada au shahada ya ualimu, aliyeisomea kazi hiyo kwa miaka, aliyekwisha kuomba ajira serikalini zaidi ya mara moja, na ambaye sasa anashika vipindi sawa na walioajiriwa huku akiishi kwa posho isiyotabirika. Sura hii inawatazama wote wawili, ila inampa wa pili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu uzito wa kazi umemwangukia yeye, na kwa sababu yaliyoandikwa juu yake ni machache mno.

Kwa maana itakayotumika hapa, mwalimu wa kujitolea ni mtu anayefundisha katika shule kwa ratiba inayojulikana, bila kuwamo katika orodha ya malipo ya mwajiri wa shule hiyo, awe anapewa posho, chakula au nyumba, au asipewe chochote. Maana hiyo inawaacha nje wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, yaani wiki kadhaa ambazo mwanafunzi wa ualimu hupelekwa shuleni kufundisha chini ya uangalizi wa wakufunzi wake, kwa sababu hao wako masomoni na kazi yao hupimwa kwa alama. Inawaacha nje pia walimu wa masomo ya ziada wanaolipwa na wazazi kwa saa. Anayebaki ni yule ambaye jina lake liko kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini haliko kwenye hati ya mishahara ya Halmashauri.

Wilaya ya Rungwe imo katika Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu, Tukuyu, yako takriban kilomita 70 kusini mwa jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Mlima Rungwe, wenye urefu wa takriban mita 2,960, huvuta mawingu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na sehemu kadhaa za wilaya hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho maeneo mengi ya Tanzania hayakijui hata kwa nusu yake. Udongo wa volkano na mvua hiyo vimefanya ardhi ibebe migomba, chai, viazi, kahawa, parachichi na ng'ombe wa maziwa kwa pamoja, na ardhi inayolisha watu wengi katika eneo dogo imefanya vijiji vikaribiane na shule ziwe nyingi. Wilaya ina vyuo viwili vya ualimu vya serikali, cha Tukuyu na cha Mpuguso, na kwa vizazi kadhaa imetoa walimu waliotawanyika nchi nzima. Kwa hiyo upungufu wa walimu katika shule za Rungwe hautokani na kukosekana kwa watu waliofunzwa. Mara nyingi waliofunzwa wapo, tena wanaishi jirani na shule zenyewe, na kinachokosekana ni nafasi ya kuwaajiri.

Waliotangulia

Shule za kwanza za kusoma na kuandika katika Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa ambayo Rungwe ni sehemu yake, zilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani waliofika mwaka 1891 kwa makundi mawili: Wamoravian, miongoni mwao Theodor Meyer, waliojenga kituo chini ya Mlima Rungwe, na watu wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, waliokaa upande wa mashariki na kusini. Wamisionari hao walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi, hivyo ndani ya miaka michache mzigo wa kufundisha ulihamia kwa Wanyakyusa wenyewe: vijana waliojifunza herufi kituoni, wakabatizwa, kisha wakatumwa kwenye vijiji vya pembeni kukusanya watoto na watu wazima chini ya paa la nyasi. Malipo yao yalikuwa madogo, na walijikimu kwa mashamba yao na kwa ukarimu wa waliowapokea. Hawakuitwa wa kujitolea, kwa kuwa walihesabiwa kuwa watumishi wa kanisa, lakini kwa kipimo cha nani alibeba gharama ya kuwapo kwao darasani, hao ndio wa kwanza katika mlolongo unaoelezwa hapa.

Nguvu ya mpangilio huo ilionekana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Neu-Langenburg, jina ambalo Wajerumani waliipa Tukuyu, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Baadaye wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia, katika Malawi ya leo, walisimamia vituo hivyo kwa miaka kadhaa, hadi Wamoravian wa Ujerumani waliporuhusiwa kurejea katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho, hasa miaka ya mwanzo ambapo hakukuwa na msimamizi wa kudumu wala fedha kutoka Ulaya, ibada na mafundisho viliendelea mikononi mwa wazee wa kanisa na walimu wenyeji. Historia nyingi za elimu hukipita kipindi hiki kwa sentensi moja, na hilo ni kosa, kwa sababu hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba shule ya Rungwe iliweza kusimama bila mgeni, mradi mwalimu wa kijijini awe amejengwa vya kutosha.

Miaka ya uhuru ilileta kujitolea kwa sura mpya. Mwaka 1958 Uingereza ilikuwa imeanzisha shirika la VSO, linalopeleka watu wa kujitolea nchi za nje, na mwaka 1961 Marekani ikaanzisha Peace Corps, ambayo kundi lake la kwanza Tanganyika lilikuwa la wahandisi, wapima ardhi na wanajiolojia. Walimu walifuata muda mfupi baadaye. Mwaka huohuo wa 1961 ulianza mpango wa kuleta walimu wahitimu kutoka Marekani na Uingereza katika shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambao hata hivyo walilipwa mishahara na hivyo hawaingii barabara katika maana ya sura hii. Peace Corps iliondoka Tanzania mwaka 1969, uhusiano wa kisiasa ulipokuwa umepoa, ikarejea miaka kadhaa baadaye, na tangu hapo kazi yake kubwa shuleni imekuwa kufundisha hisabati na sayansi katika sekondari.

Hata hivyo tukio kubwa la kujitolea kufundisha katika historia ya Tanzania lilifanywa na Watanzania wenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga, yaani kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu watu wazima wasiojua, ikaendeshwa kwa kuwaita watu wa kila aina: walimu wa shule za msingi baada ya saa za kazi, waliomaliza darasa la saba, viongozi wa dini na wanafunzi wa madarasa ya juu. Malipo yao yalikuwa posho ndogo, na wengine hawakuipata kwa wakati. Asilimia ya watu wazima wasiojua kusoma, iliyokuwa 67 mwaka 1967, ilishuka hadi 39 mwaka 1975, na matokeo hayo yalivuta macho ya dunia nzima.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kwa kuwa vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha ndani ya miaka mitatu, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundisha huku wakifundishwa, kwa masomo ya posta, redio na usimamizi wa walimu wazoefu. Waliitwa walimu wa UPE, jina lililotokana na kifupi cha Kiingereza cha mpango wenyewe, na jina hilo baadaye likageuka kuwa la dharau. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Wengi wao walijiendeleza hadi daraja la juu na kustaafu wakiwa walimu wakuu, na wapo watu wazima wengi waliojifunza herufi ya kwanza kutoka kwao. Kilichopaswa kulaumiwa ni mfumo uliowaweka darasani na watoto zaidi ya mia moja bila vitabu, kisha ukawapima kwa matokeo ya mtihani.

Wahitimu wanaosubiri

Hali ya sasa ina chanzo kinachoweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule za msingi ilifutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ukaleta sera ya kila kata kuwa na sekondari yake, ambapo wananchi walijenga madarasa kwa nguvu zao na serikali ikaahidi walimu. Januari 2016 ada ya sekondari za serikali, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 unafuu huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Kila hatua iliongeza wanafunzi. Katika miaka hiyohiyo ajira mpya zilisimamishwa kwa muda ili kuhakiki watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila mtu wa kweli nyuma yake, kisha mwaka 2017 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini, walimu wakiwamo. Wakati huohuo vyuo vikuu na vyuo vya ualimu viliendelea kutoa wahitimu kila mwaka. Watoto wakaongezeka shuleni na walimu wakaongezeka mitaani.

Ukubwa wa foleni unaonekana katika idadi zilizotangazwa. Mwaka 2022 serikali ilitoa nafasi 9,800 za ualimu, na mwaka 2023 nafasi 13,130. Usaili wa mwanzoni mwa mwaka 2025, uliosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ulikuwa na nafasi elfu kumi na nne na ushei, zilizoombwa na watu zaidi ya laki mbili, na katika majuma hayo ndipo wahitimu wa miaka ya 2015 hadi 2023 walipoanza kujitokeza hadharani kama umoja wa walimu wasio na ajira. Mhitimu anayesoma takwimu hizo akiwa Tukuyu ana njia chache: kurudi kwenye chai na migomba ya wazazi, kuendesha bodaboda, kutafuta shule binafsi, au kwenda kwa mkuu wa shule ya sekondari iliyo jirani na kuomba apewe vipindi.

Wanaochukua njia ya mwisho wana sababu zaidi ya moja, na si haki kuzipunguza hadi kuwa moja. Wapo wanaojitolea kwa sababu serikali, kwa nyakati mbalimbali, imesema itawapa kipaumbele waliokwisha kufundisha kwa kujitolea. Wapo wanaoogopa kusahau: anayekaa miaka minne bila kusimama mbele ya darasa hupoteza wepesi wa kueleza, wa kupanga ubao, wa kumtambua mtoto asiyeelewa lakini anayeitikia kwa kichwa. Wapo wanaofuata heshima, maana kijijini mtu aliyesomeshwa kwa fedha za chai na maziwa ya ukoo huona haya kukaa nyumbani. Na wapo, si wachache, wanaoumizwa na kuona wadogo zao wakimaliza kidato cha nne bila kufundishwa fizikia hata kipindi kimoja. Mara nyingi sababu hizo zote zimo ndani ya mtu mmoja.

Anapopokelewa, mwalimu huyo hupewa kazi kamili. Huandaa azimio la kazi, yaani mpango wa mada zitakazofundishwa kwa muhula mzima, na andalio la somo kwa kila kipindi, hujaza shajara ya darasa, husahihisha madaftari, hushika zamu ya juma, ambayo humtaka afike kabla ya wanafunzi na aondoke baada yao. Tofauti yake na mwenzake mwajiriwa haionekani darasani, na wanafunzi wengi hawaijui. Inaonekana mwisho wa mwezi. Inaonekana pia anapougua, kwa sababu hana bima ya afya ya mtumishi. Anapojifungua, kwa sababu hana likizo. Na anapozeeka, kwa sababu miaka aliyofundisha haikuchangiwa chochote katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Tume ya Utumishi wa Walimu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 kusimamia ajira na nidhamu ya walimu wa shule za serikali, inawahusu walimu walioajiriwa. Yeye yuko nje ya uzio huo, kwa ulinzi wake na kwa adhabu zake pia.

Darasani wakati wa mvua

Namna ya kufundisha Rungwe inategemea mazingira ambayo vitabu vya mbinu za ualimu havikuyafikiria. Madarasa mengi yameezekwa kwa bati lisilo na dari, na kuanzia Novemba hadi Mei mvua hunyesha mara nyingi, kubwa zaidi ikiwa ya Machi na Aprili. Inapoanza, mlio wake juu ya bati humeza sauti yote: mwalimu aliye katikati ya kueleza kanuni ya Pythagoras huona midomo ya wanafunzi ikiendelea kujibu bila kusikika, wale wa dirishani huvuta madawati kuelekea katikati kwa sababu ya manyunyu, mwanga hupungua hadi maandishi ya nyuma hayasomeki, na chaki iliyoshika unyevu hukwaruza ubao bila kuacha alama. Mwalimu mgeni husimama akingoja, na kipindi cha dakika 40 humalizika angali anangoja. Aliyezoea hubadilisha somo papo hapo: huandika zoezi lililotayarishwa kwa ajili hiyo kwa herufi kubwa, huwapanga wanafunzi wawili wawili, kisha hupita dawati kwa dawati akiinama na kusahihisha kwa kalamu, hivi kwamba muda wa mvua hugeuka kuwa muda pekee ambao kila mtoto amefikiwa mwenyewe. Walimu wazoefu wa Rungwe huweka mazoezi ya namna hiyo katika andalio la kila siku la miezi ya masika, na hilo ni jambo la kwanza ambalo mwalimu wa kujitolea, awe wa kutoka Dar es Salaam au Denmark, anapaswa kuwauliza.

Jambo la pili ni lugha. Mtoto wa vijiji vya mlimani huanza shule akiwa anaongea Kinyakyusa nyumbani, husoma kwa Kiswahili kwa miaka yote ya elimu ya msingi, kisha anapoingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yakifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeshindwa swali la biolojia huenda anaijua biolojia yenyewe na amekwama kwenye kitenzi cha swali. Mwalimu mwenyeji, hata asipokuwa hodari wa Kiingereza, ana uwezo ambao hauthaminiwi vya kutosha: anaweza kulipeleka wazo hadi Kiswahili, pengine hadi Kinyakyusa, akalirudisha katika Kiingereza cha mtihani, na mtoto akaliona limepita njia nzima. Mgeni anayejua Kiingereza pekee hana njia hiyo. Anaweza kuwa na matamshi safi na subira nyingi, naye hufaa sana kwa mazungumzo, kwa klabu za usomaji na kwa kuwasaidia walimu wenyewe kuimarisha Kiingereza chao, lakini akipewa peke yake darasa la kidato cha kwanza la wanafunzi sitini, wengi wao hukaa kimya kwa adabu, na adabu hiyo yeye huisoma kama kuelewa.

Mgeni na muda wake

Kwa mujibu wa sheria za uhamiaji za Tanzania, mgeni anayekuja kujitolea huhitaji kibali cha ukaaji cha daraja C, ambalo huwahusu pia wanafunzi, watafiti na wamisionari, tofauti na daraja A la wawekezaji na daraja B la walioajiriwa. Viza ya utalii haimpi mtu ruhusa ya kufundisha, na shule inayompokea mgeni bila kibali humweka hatarini mkuu wa shule zaidi kuliko inavyomweka hatarini mgeni mwenyewe, ambaye adhabu yake kubwa kwa kawaida ni kuondoka. Makanisa ya Rungwe yenye undugu wa zamani na makanisa ya Ulaya yanaujua utaratibu huu vizuri kuliko vikundi vinavyoundwa na marafiki kwa ajili ya safari moja. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanzishwa mwaka 2008 na serikali ya nchi hiyo kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, hupeleka vijana nje kwa muda ambao kwa kawaida hufikia mwaka mzima, na urefu huo ndio ubora wake mkubwa, maana anayekaa mwaka huona mitihani ya ndani, likizo, masika na kiangazi, na huacha darasa akiwa analijua.

Ubaya wa muda mfupi si wa kudhaniwa tu. Mgeni wa wiki tatu huja na somo lake moja zuri, ratiba ya shule husogezwa ili apate nafasi, mwalimu wa somo hukaa pembeni, na anapoondoka mada iliyosogezwa hubaki haijafundishwa. Mgeni huyo akiwa mwalimu kitaaluma, angefanya kazi kubwa zaidi kama angezitumia wiki hizo kukaa na walimu wa idara moja, kuandaa nao vifaa vya maabara kutokana na vitu vya sokoni Tukuyu, na kuingia darasani kama msaidizi wa mwenye somo. Akiwa kijana asiyesomea ualimu, shule inapaswa kuwa na ujasiri wa kumpangia maktaba, michezo au kompyuta, na kumnyima kidato cha nne. Ujasiri huo haupatikani kwa urahisi, kwa sababu mgeni mara nyingi huja na ahadi ya madawati au tangi la maji, na mkuu wa shule yenye mahitaji hana nafasi ya kuchagua maneno.

Suala la adhabu ya viboko huwachanganya wageni karibu wote, na baadhi ya Watanzania wa kujitolea pia. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa masharti: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, viandikwe katika kitabu maalumu, na msichana aadhibiwe na mwalimu mwanamke pale anapokuwapo. Mwalimu wa kujitolea asiye na idhini hiyo haruhusiwi kuchapa, hata kama desturi ya shule imelegea. Anayetaka kuona fimbo inapungua huanza kwa darasa lake mwenyewe, na walimu wenzake humsikiliza zaidi wakiona darasa hilo limetulia na madaftari yamejaa.

Posho, chumba na ndizi

Fedha ndiyo sehemu inayozungumzwa kwa sauti ya chini katika vikao vya shule. Ruzuku ya uendeshaji ambayo serikali hupeleka shuleni, iliyopangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, imekusudiwa vitabu, chaki, mitihani na ukarabati mdogo, na haikupangwa kulipa walimu. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza majukumu ya serikali na ya wazazi katika elimu bila malipo, na michango ya lazima ikazuiwa. Januari 2018 katazo hilo likatiliwa mkazo na Rais John Magufuli, aliyeagiza kwamba mzazi anayetaka kuchangia ampelekee mkurugenzi wa halmashauri, si mwalimu. Katazo lilikuwa na sababu njema, kwa kuwa watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa michango, lakini lilikata pia mshipa mdogo uliokuwa ukimlisha mwalimu wa kujitolea. Tangu hapo posho yake hutegemea wazazi wanaokubaliana kwa hiari na kwa kibali, wahisani waliotoka kijijini na sasa wako mjini, na bodi ya shule yenye uongozi mzuri.

Katika Rungwe msaada usio wa fedha umekuwa wa kutegemewa zaidi. Mkulima anayelipwa na kiwanda cha chai mwisho wa mwezi anaweza kukosa shilingi elfu mbili tarehe kumi, lakini mkungu wa ndizi upo, maziwa ya asubuhi yapo, viazi vipo. Ipo mifano ya vijiji vinavyompa mwalimu chumba katika nyumba ya mwalimu isiyo na mtu, kuni, na nafasi katika chungu cha makande ya wanafunzi, chakula cha mahindi na maharage ambacho wazazi huchangia. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alionyesha jinsi jamii hiyo, iliyokuwa ikikaa katika vijiji vya watu wa rika moja, ilivyothamini ukaribu wa majirani wanaokula na kuzungumza pamoja, na mwalimu anayekubali kuishi hivyo hupata kinga ambayo posho peke yake haiwezi kuinunua. Hata hivyo ndizi hazilipi mkopo wa elimu ya juu, na ukarimu wa wanakijiji usiwe kisingizio cha Halmashauri kuliacha jambo hili bila utaratibu.

Utaratibu unaohitajika ni mwepesi. Mwalimu wa kujitolea apewe barua yenye tarehe ya kuanza, masomo na idadi ya vipindi, chanzo cha posho yake na muda wa mapatano. Nakala ibaki kwa Afisa Elimu Kata na ofisi ya elimu sekondari ya wilaya. Vipindi vyake visizidi vya mwajiriwa, kwa sababu tabia ya kumrundikia kazi aliye dhaifu ipo. Na mwisho wa kila mwaka mkuu wa shule aandike tathmini inayoweza kuonyeshwa kwenye usaili. Mhitimu aliyefundisha kemia miaka mitatu katika sekondari ya kata, mwenye shajara zilizosainiwa, ana ushahidi wa uwezo ambao karatasi ya usaili ya saa moja haiwezi kuutoa, na ni hasara kwa taifa kuuacha ushahidi huo kwenye kabati la shule.

Barua hiyo ina kazi nyingine siku ajira inapofika. Ajira za walimu hupangwa kitaifa, na aliyejitolea Rungwe anaweza kupangiwa Kigoma au Lindi, akatakiwa kuripoti ndani ya siku chache, pengine katikati ya muhula. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kwenda. Shule iliyojipanga humwomba aache azimio la kazi likiwa limewekwa alama mahali alipofika, madaftari ya maabara, orodha ya wanafunzi wenye shida na mada walizokwama, na kama inawezekana siku mbili za kufundisha pamoja na atakayempokea. Shule isiyojipanga huanza mada upya, na kidato cha nne huingia kwenye mtihani wa Novemba na nusu ya mtaala. Atakayempokea, kwa jinsi mambo yalivyo Tukuyu kwa sasa, hupatikana upesi, naye ni mhitimu mwingine ambaye jina lake litaandikwa kwenye ratiba ya ukutani juma hilohilo.